Vali ya Bar Saba

Jumanne ile vali ilifunguka kwenye presha ya bar saba. Triyatno aliipandishia presha mara tatu, polepole, jicho kwenye geji na mkono kwenye koki, na mara zote tatu ikafunguka palepale: saba, saba, sita nukta tisa. Kwa vali iliyookotwa kwenye soko la vyuma chakavu, hayo yalikuwa matokeo mazuri kupita kiasi. Alikuwa na miaka kumi na saba katika karakana hiyo ya Sidoarjo akipima vali na geji za watu, na alikwisha kujua kwamba chuma hakidanganyi. Kinajibu ulichokiuliza, basi.

"Umeona mwenyewe?" alisema Baba Mkubwa Mangun. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Lastri, mke wa Triyatno, na ndiye mwenye kiwanda cha tofu, ile jibini ya soya, kilicho jirani na msikiti wa mtaa wao. "Wenzangu wananunua mpya kwa rupia milioni tatu. Hii nimeipata kwa laki na nusu, na uzi wake umeingia kwenye bomba la boila kama kidole kwenye pete."

Triyatno aliigeuza vali mkononi. Haikuwa na wenzo pembeni, ule mdogo ambao vali za mvuke huwa nao ili mpika boila aivute kila asubuhi ajue kama bado iko hai.

"Baba Mkubwa, hii ilitoka kwenye mashine gani?"

"Nitajuaje mimi? Niliikuta kwenye rundo."

"Nauliza kwa sababu nyingine huwa za pampu za maji. Za maji hufunguka kidogo kidogo. Za mvuke zinatakiwa..."

"Tri." Mzee alitabasamu, akawageukia mafundi wawili waliokuwa wakinywa kahawa mlangoni ili nao wasikie. "Ulipokuja kumposa Lastri ulikuja na nini? Na baiskeli. Nikakukatia kiwanja ujenge. Nilikuuliza baiskeli ile ilitoka kwenye rundo gani?"

Mafundi walicheka. Triyatno naye alicheka, kwa kuwa ndivyo inavyopasa.

"Sasa niambie. Inafunguka saba au haifunguki saba?"

"Inafunguka."

"Basi andika."

Cheti kilikuwa na safu ya matumizi: maji, hewa, mvuke. Desturi ya karakana ilikuwa kwamba mteja asipoleta karatasi za vali yake, safu hiyo huachwa wazi, na Triyatno alikwisha kuiacha wazi mamia ya mara. Lakini mteja huyu alikuwa anamfahamu, na boila lake analifahamu, na aliyekuwa akilipikia moto alikuwa Wagino, mdogo wake Lastri. Angeweza kusema maneno mawili zaidi. Ila mzee alikwisha kusema mbele za watu, na kumrudishia mzee neno mbele za watu ni jambo ambalo mtu wa kwao hulimeza hata likimkwama kooni. Aliandika 7.0, akaandika tarehe, akaifunga vali kwa waya na muhuri wa madini ya risasi. Kisha akamkabidhi cheti kwa mkono wa kulia, mabega yameinama.

Safu ya matumizi aliiacha wazi.

*

Moto wa kuni za mabaki ya mbao hauna kitufe cha kupunguzia. Ukishawashwa asubuhi unakwenda mpaka jioni. Kwa hiyo kila Ijumaa, adhana ikikaribia, wanaume wa kiwanda cha Mangun walifunga koki za mvuke kwenye masufuria ya soya, wakanawa, wakaenda msikitini, wakaliacha boila mikononi mwa vali yake.

Vali ya zamani, kabla haijaharibika, iliiweza kazi hiyo. Presha ilipofika saba ilifunguka yote kwa mpigo, ikanguruma nusu dakika, ikajifunga kimya, halafu baada ya muda ikanguruma tena. Msikiti ulikuwa mita mia moja na hamsini kutoka hapo. Watoto waliuita mngurumo huo "chafya ya Mangun", na khatibu alikwisha kuzoea kunyamaza ukimkuta katikati ya sentensi, kama mtu anayesubiri lori lipite. Hakuna aliyepata kuandika mahali popote kwamba kiwanda kile kila Ijumaa kilikuwa kinaendeshwa na vali. Wala hakuna aliyeona haja. Kilikuwa kitu cha kawaida kama kuvua viatu mlangoni.

Ijumaa ile khatibu alizungumzia haki za wazazi. Saa ya ukutani ilionyesha sita na dakika tisa Triyatno aliposikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, kama wa birika lililosahauliwa jikoni. Khatibu hakuhitaji kunyamaza. Wazee wawili waliokaa mbele waliangaliana wakatabasamu: vali mpya ina adabu.

Triyatno alisubiri mluzi ukome. Haukukoma.

Vali inayoshinda presha huimwaga, kisha hujifunga. Inayopiga mluzi bila kupumzika haijashinda. Inapitisha kiasi kidogo kuliko kile kinachozalishwa, na tofauti ya viwili hivyo inabaki ndani. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Sita na dakika kumi na moja. Mluzi ulikuwa umepanda sauti.

Safu mbili mbele yake Wagino aligeuza kichwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye masikio makubwa ambayo Lastri alikuwa akiyatania tangu utotoni. Hakufungua mdomo, kwa kuwa khutba ikisomwa hakuna anayesema, na hata kumwambia mwenzako anyamaze ni kosa. Aliinua nyusi tu, akimwelekea shemeji yake, fundi wa vali aliyeipima hii kwa mkono wake Jumanne.

Triyatno alitoa kiganja cha kulia juu ya goti lake, akakishusha taratibu. Tulia.

Wagino akageuka mbele.

Kwa nini alikishusha, Triyatno alikuja kujiuliza kwa siku nyingi. Alikuwa amepima bar saba. Watu walikuwa wamejaa, na kutoka katikati ya khutba ni kuvuka magoti ya watu arobaini wakikutazama. Na kama angetoka, akafika, akakuta hakuna kitu, Baba Mkubwa angekuwa na kisa kingine cha kusimulia kwa mafundi. Hizo ndizo sababu. Alipozipanga moja moja hakuna hata moja iliyokuwa na uzito.

Sita na dakika kumi na tatu Wagino aliinuka. Alivuka magoti ya watu ameinama, mkono mbele, akiomba radhi kwa kichwa. Mzee mmoja alimvuta sarong aliyojifunga kiunoni amrudishe chini. Wagino aliichomoa taratibu, akatoka, na watu wakasikia miguu yake ikianza kukimbia kabla haijapata viatu.

Kabla dakika moja haijatimia, kwa kishindo kilichotoka kiwandani, madirisha ya upande wa mashariki yaliingia ndani.

*

Hitma ya siku ya tatu ililipiwa na Baba Mkubwa Mangun. Alileta gunia la mchele, kuku sita na makasha ya maji ya kunywa, akayashusha mwenyewe barazani pa Mama Painah, mama yao Wagino na Lastri, wakati ambapo majirani wote walikuwa wamekwisha kukaa.

"Mwanao ametutia hasara kubwa, shemeji," alisema, kwa sauti ya upole iliyofika mpaka jikoni. "Lakini damu ni damu."

Mama Painah alipokea kwa mikono miwili. "Tunashukuru, Pak Mangun. Tusamehe."

Lastri alikuwa akipanga glasi za chai kwenye sinia. Aliziacha. "Tusamehewe nini, Baba Mkubwa?"

"Lastri," mama yake alimnyamazisha.

"Hapana, mwache aulize, ni haki yake." Mangun alikaa, akakunja miguu. "Boila likikauka maji, bati linaungua, linapasuka. Kazi ya mpika boila ni moja: maji. Vali ilikuwa nzima, ina cheti, kimeandikwa na mumeo huyu hapa. Sasa ulizeni. Mtu asiye na kosa anakimbia khutba kwenda wapi? Alikumbuka katikati ya sala kuwa amesahau kufungulia maji. Masikini. Mungu amsamehe."

"Vijana na simu zao," alisema mmoja.

"Nilimshika sarong mimi," alisema mzee mwingine. "Angenisikia angekuwa hai."

Triyatno alikuwa amekaa chini ya picha ya Wagino aliyopigwa siku ya kumaliza shule, masikio yamejitokeza chini ya kofia. Watu walimtazama, maana jina lake lilikuwa limetajwa. Alitazama chai yake. Kisha dua ikaanza, na katika dua hakuna anayelazimika kujibu.

Walipokuwa wakitawanyika Mangun alimshika Triyatno bega, wakasimama pembeni penye banda la kuku.

"Jumatano ijayo afisa wa ukaguzi atakuja karakanani kwenu. Mwanamke. Ataleta ile vali, wameikuta shambani, imepona. Ataka ipimwe mbele yake."

"Nimesikia."

"Itafunguka saba?"

"Kama springi haijapinda, itafunguka saba."

"Basi pima, andika, nenda nyumbani. Usizungumze mambo ya pampu." Mzee alimfuta vumbi lisilokuwepo begani. "Ikiwa kosa ni la aliyekufa, hakuna anayefungwa. Ikiwa ni la vali, kuna mimi niliyeinunua na kuna wewe uliyeigonga muhuri. Una mke, una mtoto shuleni, na nyumba unayolala haina karatasi ila neno langu. Mimi nafikiria ninyi."

Alikuwa akisema kweli kwa sehemu, na hilo ndilo lililokuwa baya.

*

Yule afisa wa ukaguzi, Bu Retnani, yaani Bi Retnani, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vya kazi vilivyochakaa. Aliiweka vali mezani ikiwa ndani ya mfuko wenye lebo, akafungua daftari.

"Nataka nisome geji mwenyewe," alisema.

"Isome, Bu. Lakini kwanza tuihakikishe geji." Triyatno aliifunga geji kwenye kifaa cha mizigo ya uzani, akaweka vipande vya chuma kimoja kimoja. Mshale ulisimama pale ulipotakiwa kusimama. Mangun, aliyekaa kwenye stuli na shati la batiki la mikono mirefu, aliitikia kwa kichwa kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma vizuri.

Vali ilifunguka saba. Ikafunguka saba tena.

"Saba kamili," alisema Mangun. "Nilisema."

Bu Retnani aliandika, lakini hakufunga daftari. "Tatizo langu ni moja. Nimeliona bati la tanuri. Boila likikauka, bati hubadilika rangi, huwa la buluu, hulegea. Hili halina alama hiyo. Maji yalikuwemo." Alivua miwani akaifuta. "Kwa hiyo nina vali iliyofunguka vizuri na maji yaliyokuwemo, na mtu aliyekufa. Mojawapo si kweli, na sijui ni ipi."

Mafundi mlangoni hawakunywa kahawa. Mangun alimtazama Triyatno, kisha akatazama juu ya ukuta, mahali penye kalenda.

"Zote ni kweli, Bu," alisema Triyatno.

"Tri," alisema mzee.

"Tumeiuliza inafunguka lini. Hatujaiuliza inafunguka kiasi gani."

Alikwenda kwenye kabati, akarudi na kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ya mia ya milimita. Aliifungua kofia ya vali, akaegemeza ncha ya kipimo juu ya shina lake. Akaiunganisha vali na tangi kubwa la hewa badala ya chupa ndogo ya majaribio, kwa sababu chupa ndogo huisha pumzi kabla vali haijaonyesha tabia yake. Mikono yake ilikuwa imetulia. Hilo lilimshangaza hata yeye.

"Kipenyo cha kitako chake ni milimita ishirini. Vali ya mvuke ya ukubwa huu ikifunguka inaruka robo ya kipenyo. Milimita tano, kwa mpigo mmoja. Isome hii, Bu."

Akapandisha presha. Kwenye saba mshale mdogo ulisogea. Akaongeza mpaka saba nukta saba, na vali ikaanza mluzi. Ulikuwa ule ule. Fundi mmoja mlangoni, aliyesali msikiti mmoja nao, aliweka glasi yake chini.

"Sufuri nukta nne," alisoma Bu Retnani.

"Sufuri nukta nne. Hapo inapitisha kama kilo themanini za mvuke kwa saa. Boila lilikuwa la kuzalisha kilo mia tano kwa saa, na siku hiyo koki zote zilifungwa." Alifunga hewa. Mluzi ukashuka, ukafa. "Hii ni vali ya pampu ya maji. Wagino hakukosea kitu."

"Na ulijua hivyo siku ulipoipima?"

Lilikuwa swali lililoulizwa bila ukali, kalamu juu ya karatasi.

"Niliona haina wenzo. Nilijua inakwenda kwenye boila. Safu ya matumizi niliiacha wazi."

"Kwa nini?"

Triyatno alimtazama Mangun, ambaye uso wake ulikuwa umezeeka tangu walipoanza. "Hiyo ni desturi ya hapa," alisema. Kisha akaona kwamba jibu hilo nalo ni la bar saba, la kweli na halitoshi. "Niliona haya kumuuliza mara ya pili."

Bu Retnani aliandika sentensi hiyo yote. Alichukua koleo la muhuri la Triyatno lenye namba yake, akalitia kwenye mfuko mwingine na kulibandika lebo. Mwenye karakana alimwambia aende nyumbani kwanza, wataitana. Baba Mkubwa Mangun alimfuata mpaka uani.

"Mwisho wa mwezi," alisema hapo, bila kumtazama. "Mtoe vitu vyenu."

*

Lastri alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akichambua kunde za mchuzi, kwa sababu mama yake alihamia kwao baada ya hitma na hakuwa akila kitu kingine. Triyatno alikaa ngazi ya chini yake. Akamweleza: vali, sufuri nukta nne, kilo themanini, safu iliyoachwa wazi, nyumba. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti.

Lastri alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si Wagino."

"Si Wagino."

"Na nyumba imekwenda."

"Imekwenda."

Alitupa ganda. "Umefanya ilivyotakiwa, Mas Tri. Umechelewa, lakini umefanya. Tutapanga chumba huko Porong kwa binamu." Alimtazama. "Mbona bado umekaa hivyo?"

"Kuna lililobaki. Sikumwambia yule afisa. Hakuniuliza."

"Lipi?"

"Mluzi niliusikia. Nilijua ni nini. Wagino aligeuka akaniuliza kwa macho, nami nikamwambia atulie. Kwa mkono. Akatulia dakika mbili kwa sababu yangu. Alikuwa anakwenda kufungua koki, Lastri. Koki zilikuwa mbili tu. Dakika mbili zilikuwa zinamtosha."

Kunde ziliacha kuanguka kwenye bakuli. Kuku wa jirani alipita chini ya kamba ya nguo, akasimama, akaendelea.

"Mkono upi?" aliuliza Lastri.

Triyatno alimwonyesha. Lastri aliutazama kwa muda, mkono wa fundi, wenye kucha fupi na kovu la springi kwenye kidole gumba, kama mtu anayetazama kitu alichokitumia miaka mingi bila kukisoma maandishi yake. Hakuushika. Aliinuka, akajipangusa mapaja, akachukua bakuli.

"Mama nitamwambia la kwanza," alisema. "La pili litakuwa letu. Nawe usije ukaniomba nisahau."

Akaingia. Triyatno alisikia sauti yake kupitia ukuta wa mianzi, ya kawaida kabisa, kama anayesoma bei. "Mama, wamepima upya. Ni vali. Maji alikuwa ameyaweka. Wagino hakukosea."

Hakukuwa na kilio. Baada ya muda sauti ya kizee iliuliza, "Nani kasema?"

"Mas Tri. Mbele ya serikali. Na mbele ya Baba Mkubwa."

"Tri alisema mbele yake?"

"Ndiyo, Mama."

Miguu iliburuzika sakafuni. Mama Painah alitokea mlangoni, mdogo ndani ya blauzi yake ya zamani ya kebaya, mkono mmoja kwenye kizingiti. Tangu Ijumaa ile hakuwa ametazama mtu yeyote usoni. Sasa alimtazama mkwewe, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili. Triyatno aliinuka haraka ili amzuie, kwa kuwa mzee hamshukii kijana.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema mama. "Akulipe sawasawa."

Alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauinamia mpaka paji la uso wake likaugusa, kama wadogo wanavyowafanyia wakubwa. Triyatno alijaribu kuuvuta. Yule mama alikuwa ameushika kwa nguvu. Juu, mlangoni, Lastri alikuwa amesimama na bakuli la kunde, akiutazama mkono ule.